Kuhama, Kuhamishwa na Kutua: Uhakiki wa Dhana ya "Utamaduni wa Wenyeji" katika Kuchagua Makazi ya Vijijini, kwa Mfano wa Nkanka, Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya "utamaduni wa wenyeji" inavyotumika pale mtu, familia au serikali inapochagua eneo la vijijini la kuhamia. Kwa kutumia mfano wa sekta ya Nkanka, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, makala yanadai kwamba dhana hiyo huchukuliwa kana kwamba ni sifa ya ardhi, kama vile mvua au rutuba, ilhali ukweli ni kwamba utamaduni wa mahali kama Nkanka umejengwa na watu, mimea, samaki na lugha zilizofika kwa nyakati tofauti. Uchambuzi unalinganisha msamiati wa kuhama wa Kiswahili na wa Kinyarwanda, historia ya Kinyaga iliyoandikwa na Catharine Newbury (1988), na riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka (1979). Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera za makazi na wapangaji lugha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha anayekwenda Rusizi mara kwa mara huulizwa swali moja na marafiki wa Kigali, Bukavu hata Dar es Salaam, hasa wale wanaokaribia kustaafu au waliochoshwa na kodi za nyumba za mjini. Swali lenyewe ni fupi: "Watu wa huko wakoje?" Anayeuliza amekwisha kuona picha za ufuo wa Ziwa Kivu. Amekwisha kuulizia barabara, maji, umeme na umbali wa kufika Kamembe penye soko na uwanja wa ndege. Kilichobaki ni kipengele cha mwisho katika orodha yake, nacho ni utamaduni wa wenyeji. Anataka kujua kama ni wakarimu, kama wanampenda mgeni, na kama wana mila ngumu.

Swali hili halina ubaya wa nia. Hata hivyo, limebeba dhana tatu ambazo makala haya yanazitilia shaka. Dhana ya kwanza ni kwamba "huko" pana watu wa aina moja waliokuwapo tangu zamani. Dhana ya pili ni kwamba tabia yao inaweza kujulikana kabla ya kufika, kama mtu anavyojua kina cha kisima. Dhana ya tatu, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kwamba anayehama ndiye mwenye kuchagua, na anayehamiwa ni sehemu ya mandhari.

Suala hili si la wastaafu peke yao. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Rwanda ina watu 13,246,394, sawa na wastani wa watu 503 kwa kilomita moja ya mraba, na takriban asilimia 72 kati yao wanaishi vijijini. Katika nchi yenye msongamano wa namna hiyo hakuna ardhi tupu inayongoja mtu. Kila anayehamia kijijini anahamia kando ya mlango wa mtu mwingine. Aidha, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kuhama na kuishi katika nchi nyingine mwanachama, huku suala la ardhi likiachwa chini ya sheria za kila nchi. Hivyo, jinsi tunavyolizungumzia jambo la kuhamia vijijini, na lugha tunayolizungumzia, ni jambo la sera.

2. Msamiati wa kuhama: mgeni, mwenyeji na mwenye kutua

Tuanze na maneno. Kiswahili kina familia kubwa ya maneno yanayotokana na kitenzi hama: hamia, hamisha, hamishwa, mhamiaji, uhamiaji, uhamisho. Kiini cha familia hii ni kuondoka. Hata tunapoongeza kiambishi cha kutendea na kusema hamia, tunataja mahali mtu anapoelekea lakini hatusemi lolote kuhusu kinachotokea baada ya kufika. Haishangazi, basi, kwamba neno uhamiaji limekuwa jina la idara inayoshughulika na pasi na mihuri mipakani. Ni neno la safari na mipaka kuliko la maisha.

Kinyarwanda kina kwimuka kwa maana ya kuhama, lakini neno lenye uzito katika mazungumzo ya makazi ni gutura. Umuturage ni mkazi au raia. Umuturanyi ni jirani, yaani mtu tunayekaa pamoja naye. Imiturire ni namna ya kukaa, neno linalotumika pia kwa mipango ya makazi. Mnyambuliko unaendelea hadi gutuza, kumfanya mtu akae mahali, na gutuzwa, kufanywa ukae mahali. Kwa Mnyarwanda, raia, jirani na mpango wa makazi ni matawi ya mzizi mmoja.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza kama mzizi huo ni mgeni kwake. Sivyo. Kiswahili kilipoteza konsonanti iliyobaki kama r katika Kinyarwanda, baina ya irabu mbili, katika maneno mengi ya asili moja. Imvura ya Kinyarwanda ni mvua, inzara ni njaa, na gukura ni kukua. Kwa kanuni hiyohiyo, gutura inakutana na kutua. Kinyarwanda pia kina gutura kwa maana ya kushusha mzigo, na hata kwa maana ya kutoa sadaka. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi urefu wa irabu wala toni, kwa hiyo maumbo haya hufanana kwenye karatasi. Kiswahili kimebaki na mzigo unaotuliwa, ndege inayotua, jua linalotua, kituo, na moyo uliotua. Kimeacha kulitumia neno hilo kwa kukaa mahali, na badala yake kinasema kuishi na kukaa.

Ulinganisho huu una faida ya kiuhakiki. Kutua ni tendo la mtu aliyebeba kitu. Hatui asiyekuwa na mzigo, wala hatui mtu hewani. Anatua juu ya ardhi ambayo tayari ina watu. Orodha za kuchagua makazi husahau mzigo huo. Anayehama huja na lugha yake, namna yake ya kusalimu, uwezo wake wa fedha na matarajio yake ya kimya au ya kelele. Swali la "watu wa huko wakoje" halimtaji kabisa mtu anayeuliza.

Neno la pili la kulinganisha ni mgeni. Katika Kiswahili mgeni ni mtu aliyefika kutoka kwingine, na mwenyeji ni mwenye mji. Katika Kinyarwanda, umugeni ni bibi harusi. Wanaisimu wanaweza kujadili hatua za mabadiliko hayo ya maana, lakini jambo la kijamii liko wazi. Katika mila ya Rwanda, mwanamke anapoolewa huhamia kwa mume, na sherehe ya gutwikurura ndiyo inayomtoa ndani na kumwingiza katika kazi na maisha ya kawaida ya nyumba mpya. Hivyo, watu wengi zaidi waliowahi kuhamia kijiji kisicho chao, wakajifunza mila zake, wakajua nani husalimiwa kwanza na nani hapigi hodi kwa nani, ni wanawake walioolewa. Hawahesabiwi kuwa wahamiaji. Hawaulizwi na washauri wa makazi. Na bado wao ndio wataalamu wa kweli wa kile tunachokiita kujifunza utamaduni wa wenyeji. Fasihi ya sera inayozungumzia kuhamia vijijini bila kuwataja imeanza na pengo kubwa.

3. Nkanka: mahali palipoundwa na kufika

Nkanka ni moja ya sekta 18 za wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi. Iko kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Kivu, na ng'ambo ya maji mafupi kipo kisiwa cha Nkombo. Ni parokia ya Jimbo Katoliki la Cyangugu, lililoundwa mwaka 1981. Jina lenyewe la Cyangugu linatufundisha jambo. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliondoa mkoa wa Cyangugu na kuleta wilaya ya Rusizi, lakini jimbo la kanisa limehifadhi jina la zamani, na watu wengi wa makamo bado wanasema wanakwenda Cyangugu. Mgeni anayetafuta mahali pa kuhamia hukuta majina mawili kabla hajakuta kiwanja.

Jina la tatu ni la zamani zaidi, nalo ni Kinyaga. Katika kitabu chake kuhusu Kinyaga baina ya 1860 na 1960, Newbury anaonyesha kwamba eneo hili lilijazwa na makundi yaliyofika kutoka pande nyingi: kutoka maeneo ya kati na mashariki ya Rwanda ya leo, na kutoka magharibi ng'ambo ya ziwa na mto Rusizi. Mamlaka ya mfalme wa Rwanda yalikuja kukazwa hapa hasa wakati wa Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, na hatimaye chini ya utawala wa kikoloni. Hoja yake kuu, kwa madhumuni yetu, ni kwamba vitambulisho vya watu wa Kinyaga vilibadilika kadiri uhusiano wao na dola ulivyobadilika. Ukoo na mahali vilikuwa na uzito ambao baadaye ulifunikwa na majina ya kisiasa, na matokeo ya majina hayo yanajulikana na kila msomaji wa makala haya. Kwa hiyo, anayetaka kumfahamu "mwenyeji asilia" wa eneo hili kwa kurudi nyuma atakuta, kila anaporudi, mtu mwingine aliyefika.

Hali hiyo haiwahusu watu peke yao. Mgeni akiambiwa aonje utamaduni wa Kivu, atapewa isambaza, samaki wadogo wanaokaangwa na kuliwa wazima. Jioni ataonyeshwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ikienda kuvua kwa taa, na wavuvi wakiimba kwa kupiga makasia. Picha hiyo leo ndiyo alama ya ziwa. Lakini samaki huyo, Limnothrissa miodon, hakuwamo katika Ziwa Kivu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alipoletwa kutoka Ziwa Tanganyika. Ni mhamiaji ambaye umri wake ziwani haufikii ule wa baadhi ya wazee wanaomla. Ndivyo pia ilivyo kwa kahawa iliyopandwa kwenye vilima vya Rusizi. Aina inayoitwa Mibirizi imechukua jina la misheni iliyofunguliwa Kinyaga mwaka 1903, na mbegu zake zilitoka Guatemala. Muhogo na mahindi pia asili yake ni bara la Amerika.

Maana ya mifano hii si kwamba hakuna utamaduni wa Nkanka. Upo, na ni imara. Maana yake ni kwamba uimara wake hautokani na kutobadilika. Unatokana na uwezo wa kumchukua aliyefika, samaki, mbegu au mtu, na kumpa jina, kazi na mahali pa kukaa. Kuuliza "watu wa huko wakoje" ni kuuliza swali lisilo na jibu. Swali lenye jibu ni hili: hapo mahali watu hupokelewa kwa njia zipi, na njia hizo zina afya gani leo?

4. Makazi ya kupangiwa: kutoka Kisole hadi umudugudu

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila anayehama amechagua. Historia ya ukanda wetu inakataa. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliwahamisha Wanyarwanda kwenda Kivu ya Congo, hasa Gishari katika Masisi, kwa mpango uliokusudiwa kupunguza msongamano na kupata nguvukazi. Mpango huo ulichagua ardhi, ukahesabu familia, ukatoa mashamba. Haukuwa na jibu kwa swali la uhusiano baina ya waliofika na waliokuwapo. Mzozo wa uraia na ardhi uliofuata haujaisha mpaka leo.

Tanzania nayo ilikuwa na jaribio lake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba utekelezaji ukamilike kufikia mwisho wa 1976. Gamba la Nyoka, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1979, inaliweka tukio hilo katika kijiji cha Kisole, kwenye mazingira ya visiwa vya Ziwa Nyanza ambako mwandishi alizaliwa. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama hukumu juu ya ujamaa. Usomaji huo una ushahidi wake, lakini kwa suala letu unaacha jambo la maana. Riwaya haiwachori wanakijiji kama watu wanaopinga kila jipya. Inawachora kama watu ambao hawakuulizwa. Wasomi vijana wanaorudi kutoka ng'ambo wanaufahamu mpango, wanaweza kuutetea kwa ufasaha, na bado hawana lugha ya kuzungumza na watu waliowalea. Udhaifu unaoonyeshwa ni wa mawasiliano kabla haujawa wa itikadi. Kadhalika, jina la riwaya linakumbusha kwamba nyoka hujivua gamba mwenyewe, wakati wake ukifika. Akichunwa, hilo ni jambo lingine.

Rwanda ilianza sera yake ya makazi ya pamoja, imidugudu, kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa tarehe 13 Desemba 1996. Mazingira yalikuwa tofauti mno na ya Tanzania. Nchi ilikuwa imetoka katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wakirejea kwa mkupuo, wengine baada ya miezi, wengine baada ya zaidi ya miaka 30. Nyumba zilikuwa zimebomolewa. Kulikuwa na haja ya makazi, usalama na huduma ambayo mwanakijiji wa Kisole hakuwa nayo. Uhakiki wa haki lazima utaje tofauti hiyo. Lazima pia utaje kwamba shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2001, lilieleza kuwa baadhi ya wakulima walihamishwa bila ridhaa na wengine wakawa mbali na mashamba yao.

Kwa mtazamo wa lugha, kilichotokea ni kwamba gutura ilizidi kusikika katika umbo la gutuzwa. Mtu aliyetua akawa mtu aliyetuliwa. Kiambishi kimoja kimebadilisha mtenda. Na mara umbo la kutendewa linapozoeleka katika hati za serikali, ni rahisi kwa afisa kuamini kwamba kazi imekwisha nyumba inapokamilika. Jengo limekabidhiwa, kwa hiyo watu "wametuzwa". Hata hivyo ujirani haukabidhiwi kwa hati.

Kuna taasisi zinazolijua hilo. Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, humlazimisha mstaafu aliyejenga ghorofa ufuoni kushika jembe kando ya mvuvi. Vikundi vya akiba, ibimina, humpa mgeni nafasi ya kuaminika kidogokidogo, kwa kiasi kidogo cha fedha na kwa kuonana kila wiki. Hata kazi ya kusajili ardhi iliyofanyika nchini kote kati ya 2009 na 2013, na kutoa zaidi ya vipande milioni 10 vilivyosajiliwa, ilifanyika kwa kutembea mipakani pamoja na majirani. Methali mbili, moja kutoka kila upande, zinasema jambo hilohilo. Waswahili husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanyarwanda husema: Ifuni ibagara ubucuti ni akarenge, yaani jembe linalopalilia urafiki ni mguu, urafiki hukua kwa kutembeleana. Methali ya Kiswahili inampa mgeni kazi ya shamba. Ya Kinyarwanda inaufanya urafiki wenyewe kuwa shamba. Anayehamia Nkanka atahitaji majembe yote mawili.

5. Lugha za ufuo na nafasi ya Kiswahili

Mara nyingi husemwa kwamba Rwanda ina bahati ya kuwa na lugha moja inayoeleweka na wote. Kwa jumla ni kweli. Ufuoni mwa Nkanka kauli hiyo inahitaji nyongeza. Katika kisiwa cha Nkombo watu huzungumza Kihavu, lugha ya jamii moja na ile ya kisiwa cha Ijwi upande wa Congo, na jirani ya Mashi ya Bukavu. Wanaisimu huiweka katika kundi tofauti na la Kinyarwanda. Mitumbwi na masoko huileta lugha hiyo nchi kavu kila siku. Kiswahili nacho kimekuwapo Rusizi muda mrefu kwa sababu ya Bukavu, mji uliovuta wafanyakazi na wachuuzi wa Kinyaga tangu enzi za ukoloni ulipoitwa Costermansville. Ni Kiswahili cha Congo ya mashariki, kinachosema batu badala ya watu, na ambacho walimu wengi wa sarufi sanifu hukisikia kama makosa.

Sheria ya tarehe 20 Aprili 2017 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Utekelezaji umeelekezwa hasa shuleni na katika shughuli za Jumuiya. Hilo ni jema. Lakini kuna kejeli ndogo katika sehemu kama Nkanka. Kiswahili kinafika kwa njia ya mtaala kama lugha mpya ya kikanda, wakati mama anayeuza isambaza amekuwa akikitumia kwa miaka mingi kuhesabu fedha za nchi mbili. Mpango wa lugha unaokitambua cha darasani na kukidharau cha sokoni unarudia kosa lilelile la mpango wa makazi: unaleta kitu mahali bila kuuliza nini kilikuwapo.

Jambo hili linamhusu anayehama moja kwa moja. Raia wa Kenya au Tanzania anayekuja kuishi Rusizi ataweza kununua, kupanga chombo na kusalimu kwa Kiswahili. Ataelewa haraka kwamba anaweza kuishi bila kujifunza Kinyarwanda. Hapo ndipo penye hatari. Kiswahili kitamfungulia soko na kumfungia mkutano wa kijiji, kwa maana mkutano wa kijiji, usuluhishi wa ugomvi wa mpaka, na maneno ya msibani ni ya Kinyarwanda. Lugha ya mawasiliano mapana inaweza kuwa daraja, na inaweza kuwa ukuta mfupi ambao mtu anaegemea akiamini kwamba ameshaingia ndani. Sisi watetezi wa Kiswahili tunapaswa kulisema hili wenyewe, kabla hatujasemewa.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba uhakiki wa namna hii unamnyima mtu taarifa anazohitaji. Anayeuza nyumba yake mjini ana haki ya kujua anakokwenda. Ni kweli, na makala haya hayapingi orodha ya barabara, maji na zahanati. Yanapinga kuuweka utamaduni katika orodha hiyo kama bidhaa. Taarifa za kweli zinazoweza kutolewa ni za aina nyingine: mkutano wa kijiji hufanyika kwa lugha gani, nani husimamia mgogoro wa mpaka, wageni waliofika miaka mitano iliyopita bado wapo au wameondoka, na bei ya ardhi imewafanya nini vijana waliozaliwa hapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama utamaduni wa Nkanka wote umetokana na kufika, je, wa leo wana haki gani ya kumwekea masharti anayefika? Hoja hii hupendwa na wawekezaji. Jibu ni kwamba historia ya kufika haifuti madai ya waliopo, inayaeleza. Familia ambayo bibi yake alikuja kama umugeni, akalima mteremko, akazika watoto wake pale, imepata uenyeji kwa kazi na kwa muda. Anayekuja na fedha za kununua ufuo mzima kwa siku moja hajapata uenyeji, amepata hati. Vyote viwili ni halali mbele ya sheria, lakini si kitu kimoja. Mnyarwanda husema: Agahugu umuco, akandi umuco. Kila kinchi na mwenendo wake. Umbo la udogo katika neno agahugu linafaa kuzingatiwa: mwenendo unaozungumziwa haujai nchi nzima, ni wa mahali padogo panapofahamiana.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba dhana ya utamaduni wa wenyeji, jinsi inavyotumika katika kuchagua makazi ya vijijini, huficha mambo matatu: mzigo anaokuja nao anayehama, historia ya kufika ya wale tunaowaita wenyeji, na tofauti kati ya anayechagua na anayechaguliwa mahali. Kwa kuzingatia hayo, yanapendekezwa yafuatayo.

Kwanza, hati za sera ya makazi zinazoandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili zitofautishe wazi kuhama, kuhamishwa na kutua. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kulifanyia kazi suala hili katika istilahi za Soko la Pamoja, na kitenzi tua kinastahili kurejeshewa maana ya makazi ambayo ndugu yake wa Kinyarwanda hajaipoteza.

Pili, kabla ya eneo kutangazwa kuwa linafaa kupokea wakazi wapya, iandikwe historia fupi ya waliofika hapo awali, kwa masimulizi ya wakazi wenyewe. Wanawake walioolewa kutoka nje ya kijiji wahojiwe kama mashahidi wakuu.

Tatu, mafanikio ya mpango wa makazi yapimwe baada ya miaka, kwa mahudhurio ya mikutano, uanachama wa vikundi vya akiba na idadi ya walioondoka, na si kwa idadi ya nyumba zilizokabidhiwa pekee.

Nne, ufundishaji wa Kiswahili Rusizi uanze na Kiswahili kinachozungumzwa Rusizi, na raia wa nchi nyingine wanaohamia hapo wapewe mafunzo ya Kinyarwanda bila kungoja waombe.

Tukirudi kwa rafiki anayeuliza kama watu wa Nkanka ni wakarimu, jibu la uaminifu ni kumwuliza yeye: utahudhuria umuganda? Utajifunza kusalimu kwa lugha yao, si kwa lugha unayodhani kila mtu anaijua? Utakwenda msibani kwa mtu usiyemjua kwa sababu tu mnachangia njia? Akiwa na majibu, hana haja ya kuuliza wenyeji wakoje. Akikosa majibu, hata ufuo wenyewe, pamoja na uzuri wake wote, utabaki mahali alipowahi kukaa.